Waliniazima Mdomo Wao, Nikajisemea Mwenyewe

Kosa ni langu, na nalisema kabla hamjaniuliza. Hapa Sarang'ombe, Kibera, wanaonijua wameshanihukumu. Nawaandikia nyinyi msionijua, maana hasira itanipasua!

Nilimaliza Form Four nikazungusha vyeti Industrial Area miaka miwili. Hata kazi ya kufagia nilinyimwa. Nikaolewa, nikapata binti, nikaanza kufua nguo za watu kule mtaa wa Ayany. Na ningefuaje na mtoto mgongoni? Kilichoniokoa ni zamu.

Zamu ilikuwa hivi. Tulikuwa kina mama kumi na wawili, wengi wetu kutoka Magharibi. Kila siku mmoja hakuenda kibarua. Alibaki kwa Mama Rasoa, mkubwa wetu, akachunga watoto wote. Sisi wengine tulimwachia unga na makaa, jioni tukachukua watoto wameshiba. Hakuna mwalimu, hakuna muhuri. Kila mama na siku yake, na ole wako uikwepe!

Basi akaja bwana mmoja wa shirika la ng'ambo. Akaona, akapenda, akapiga picha. Kiswahili hakijui, na mwenye Kiingereza pale ni mimi tu.

Kabla ya mkutano akanivuta kando. Ati Kibera ardhi ni ya serikali, na shirika lake halijengi pasipo na hati. Alikuwa amempata mzee mwenye ploti Kawangware. Nasari ya watoto wetu ingejengwa huko, gari libebe watoto asubuhi na jioni, mwalimu aajiriwe. "Na wewe utakuwa msimamizi," akasema. "Utapewa ofisi na meza yako."

Meza! Jamani, mimi mwenye vidole vilivyochubuka kwa sabuni!

Tukaketi. Kina mama wakampa uji. Mama Atieno akaninong'oneza, "Mbona anaunywa kama dawa ya minyoo?" Tukacheka. Kisha bwana akaniambia niwaeleze habari ya Kawangware, niwaulize wanataka nini.

Mama Rasoa akasimama. "Mwambie tunataka mabati, na mfereji wa maji. Basi. Watoto tutachunga sisi wenyewe, hapa hapa. Kawangware ni mbali, na zamu ni yetu. Mwambie hivyo hivyo, msichana wangu."

Nikamgeukia yule bwana. Nikamwambia kwa Kiingereza kilichonyooka: wanashukuru sana, wako tayari kuhamia Kawangware.

Akapiga makofi. Na kina mama, kwa kuona mgeni amefurahi, wakapiga makofi pia. Waliushangilia uongo wangu! Baadaye nikawaambia bwana amekataa kujenga Kibera, hakuna la kufanya. Wakaniamini. Mimi si ndiye msomi wao?

Mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu, sitadanganya tena. Gari lilikuja, watoto walivaa sare. Kina mama, kwa kuwa hakuna zamu, wakachukua kazi za kila siku. Zamu ikafa, hakuna aliyeililia.

Halafu asubuhi moja gari halikuja. Wala kesho yake.

Nikaenda ofisini kwao mjini. Yule bwana amehamishiwa nchi nyingine, hakuniaga! Dada aliyekaa kiti chake akaniuliza mimi ni nani. Mimi! Mezani pake palikuwa na kitabu cha ripoti, na ndani picha yangu nikicheka, chini imeandikwa "mshirika wetu wa Kibera." Jina hakuna. "Mradi umefika mwisho wake," akaniambia. "Kwani hamkuelezwa?"

Tuelezwe na nani? Mwaka mzima najiita mshirika, kumbe nilikuwa picha!

Nikakimbilia Kawangware. Yule mzee ameshaingiza wapangaji kwenye vyumba vya nasari. Meza yangu iko nje mlangoni, mama mmoja amepanga nyanya juu yake.

Wiki ile kila mama alihangaika kivyake. Mama Rasoa alimfungia mjukuu wake Nekesa ndani, akakimbia kibaruani asifutwe. Mtoto akavuta sufuria ya uji wa moto. Alipona, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havinyooki hadi leo.

Nilienda kumwona, nikashindwa kujizuia. Nikamwambia Mama Rasoa nilichosema siku ile. Hakunitukana. Heri angenitukana!

"Tulikuazima mdomo wetu," akasema. "Tulikuwa na mmoja tu."

Sasa wamefufua zamu. Nilienda na binti yangu kwa kichwa chini. Mama Atieno akampokea mlangoni. "Mtoto hana kosa. Mlete kila siku."

"Na zamu yangu ni lini?"

"Wewe hatukupi. Nani atakuachia mtoto?"

Nyinyi wa mashirika, mkija kwetu msiongee na mwenye Kiingereza peke yake halafu mkaita huo ushirikiano. Leteni mkalimani wenu, kaeni hadi uji uishe, na mkiondoka semeni mnaondoka! Na wewe dada uliyesoma, ukisimama katikati ya watu wako na mgeni, sema walichosema. Usiongeze, usipunguze, hata ukiahidiwa meza ya dhahabu.

Jana binti yangu alirudi akaniambia, "Leo ilikuwa siku ya mama yake Akinyi, kesho ya mama yake Ayub." Akahesabu wote kwa vidole mpaka akamaliza. Kisha akaniuliza, "Mama, siku yako mbona haifiki?"