Jedwali la Washukiwa

Kuna mchezo wa kompyuta uliotengenezwa nilipokuwa mtoto katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Mimi niliukuta Louisville, Marekani, nikiwa na miaka arobaini na tano, nikijifundisha kuandika programu. Hauna picha. Kuna maiti, nyumba kubwa, na wewe mpelelezi unayeandika maswali. Michezo mingi ya wakati ule ilimsubiri mchezaji. Usipofungua mlango, hakuna kinachotokea. Huu haukusubiri. Ulikuwa na saa ndani yake, na kila mshukiwa alikuwa na ratiba: alihama chumba hadi chumba, uwe unamwona au humwoni. Yote hayo kwenye diski isiyoweza kubeba picha moja ya simu ya leo. Nilichora jedwali, watu upande mmoja, dakika upande wa pili, nikampata muuaji.

Mwaka uleule, katoni za viatu zilipotea asubuhi moja katika ghala la mtaa wa Jeffersontown, nilikokuwa kiongozi wa zamu. Meneja alinipa orodha ya kadi za kuingilia zilizopitishwa mlangoni asubuhi ile. Nikachora jedwali. Kati ya walioingia, mmoja tu hakuonwa na yeyote kazini: jirani yangu wa mtaa wa Newburg, Mrundi mwenzangu, niliyeimba naye kwaya ya kanisa, na ambaye mkewe pia alikuwa zamu yetu. Alipoulizwa alikuwa wapi, alinyamaza. Akafukuzwa. Nilijiona fundi.

Baada ya mwaka nilienda harusini katika mji wa Buffalo, nikamkuta akipanga magunia ya mchele katika duka la mtaa wa Grant Street.

"Karibu, mpelelezi," alisema. "Umekuja kukagua na magunia?"

Nikamuuliza kwa nini hakujitetea.

"Asubuhi ile nilikuwa mbali, mji wa Columbus, kwenye matanga ya mjomba. Mke wangu ndiye aliyenipitishia kadi."

Sote pale ghalani tulipitishiana kadi gari la kutupeleka kazini lilipochelewa; mimi mwenyewe nilipitishiwa mara mbili. Nililijua hilo, na bado katika jedwali langu kadi ilikuwa mtu.

"Ningesema, tungefukuzwa wote wawili. Nina watoto wanne, kaka."

"Nitamwandikia meneja."

"Mwandikie. Kesho yake mke wangu, aliyebaki kule ghalani, yuko nje."

Sikuandika. Kanisani bado wanamwita mwizi. Mke wake bado yuko katika zamu yangu, na hunisalimia kwa heshima, kwa sababu mimi ndiye ninayempangia siku za kazi.