Siku Niliyomwaga Mtungi wa Bibi

Bibi aliporudi kutoka hospitali ya Nachingwea mara ya pili, nilimbeba mwenyewe kutoka kwenye bodaboda mpaka barazani. Alikuwa mwepesi mpaka nikaogopa. Huyu ndiye aliyenilea, alikuwa anatembea na gunia la ufuta kichwani huku ananitukana, na leo mikononi mwangu yuko kama nguo zilizofungwa.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita mjukuu wake, "usinidondoshe. Watasema umeniua ili uoe mke mdogo."

Nikacheka kwa mdomo tu. Kichwani nilikuwa na sauti ya nesi. Alinivuta pembeni akaniambia kuhara kumemkausha mzee mara mbili ndani ya masika haya haya, mwili umechoka, kukimrudia tena yeye hawezi kuniahidi kitu. "Kachunguze nyumbani," akasema. "Kuna kitu mnakula au mnakunywa huko."

Nilitaka kuwaka pale pale. Bibi yangu mchafu? Mwanamke anayefagia uwanja kabla ya swala ya alfajiri? Mtu akimgusa bibi mi huwa sijali ni nesi au nani. Lakini woga ulinishika mdomo.

Halafu nikakumbuka kazi yangu. Mi ni fundi simu Ruangwa mjini, nimejifundisha mwenyewe kwa kuua simu zangu. Anakuja mtu msafi, ananukia marashi, ukifungua simu yake kwenye vitundu vya spika unakuta uchafu mweusi kama lami. Na kila siku anaiweka sikioni. Basi nikafunga kibanda, nikahamia Naipingo kwa bibi.

Siku ya kwanza ilipita namhudumia tu. Maji ya kunywa nilichemsha mwenyewe, yalipopoa kidogo bibi akasema nimimine mtungini yapate ubaridi. Nikamimina.

Asubuhi yake ndo nikaanza msako. Komeo la mlango wa choo: kila mtu akitoka analishika kwanza, ndipo anakwenda kunawa. Nikalisugua kwa sabuni mpaka mbao ikabadilika rangi. Mkono wa kopo la chooni. Tambara la kushikia sufuria, ambalo hilo hilo linafuta sahani. Gunzi la kuzibia dumu la maji: ukimimina unaliweka chini, kuku anapita juu yake, ukimaliza unalirudisha mdomoni mwa dumu. Nilipoliangalia vizuri lilikuwa jeusi, limevimba. Nikalitupa motoni na matusi juu.

"Gunzi limekukosea nini?" bibi akauliza kutoka kwenye mkeka.

"Limekukosea wewe!"

"Mimi sijalishtaki."

Nikaingia ndani, ulipo mtungi wa maji. Unakaa kwenye kona, juu ya mchanga, na maji yake ni baridi mpaka majirani wanakuja kuomba. Yakifika nusu bibi anaongeza, yakifika nusu anaongeza. Tangu nazaliwa sijawahi kuona kitako chake. Nikazamisha mkono.

Pembeni kote kunateleza kama mlenda. Nikashuka zaidi, kule chini vidole vikaingia kwenye kitu laini kama tope. Nilipoutoa mkono, kucha zilikuwa za kijani. Ndipo nikakumbuka: maji niliyochemsha nimeyamimina humu. Na asubuhi hii bibi ameyanywa.

Nikaukumbatia mtungi kuutoa nje.

"Weka chini," bibi akasema. Hakukuwa na utani hapo.

"Bibi, humu kuna mlenda!"

"Nimesema weka."

"Ndo unaokuua!" Nilipiga kelele, najijua, hasira zangu zinakuja zenyewe. "Unataka nikuzike kwa ajili ya chungu?"

Akasema taratibu, "Mtungi huo nimeuona mkavu siku moja tu. Siku ya msiba wa babu yako. Watu walijaa, wakanywa mpaka kata ya kuchotea ikakwangua chini. Toka hapo sijauacha ukauke. Na wewe unataka kunikaushia mimi, nikiwa naona?"

Alikuwa ameung'ang'ania mkeka kwa mikono yote miwili. Huyu ni mtu aliyewahi kumfukuza nyoka kwa kanga, na mi sikuwahi kumwona anaogopa kitu. Hasira zote ziliniishia. Nikabaki na woga wangu, na wake juu yake.

Nikachukua birika lenye maji mengine niliyochemsha. "Basi shika hili. Mpaka nimalize, mtungi wa nyumba ni huu. Nyumba haijakauka."

Aliniangalia sana. "Lete," akasema, akalipakata kama mtoto.

Nikaumwaga mtungi nyuma ya nyumba. Yalitoka maji meupe, kisha ya kijani, kisha nyuzi nyuzi nyeusi.

"Unaona, bibi?"

"Hayo maji ndo yamekukuza," akajibu, akageuza uso.

Nikasugua kwa mchanga, majivu, sabuni na maji ya moto, mkono umezama mpaka kwapani. Nilikuwa bado nasugua nilipomwona amesimama. Ameweka birika chini. Ameshika fimbo na anaelekea chooni, haraka. Ugonjwa ule ndivyo ulivyoanza mara zote mbili, kwa haraka ile.

Nikasikia komeo. Kisha kimya.

Nikawaza maji ya asubuhi. Nikawaza barabara ya Nachingwea ilivyo tope, nani ana gari, nani atakubali kuja.

"Bibi!"

Kimya.

"Bibi, ni tumbo?"

Kimya. Nikakimbia na mapovu mkononi mpaka mlangoni. "Bibi, nafungua! Wallahi nafungua!"

"Fungua uone!" sauti ikalipuka ndani. "Mkojo tu, kenge we! Hata mkojo wangu unataka kuusugua?"

Nikakaa pale pale kwenye tope, mgongo kwenye ukuta wa choo, nacheka huku machozi yananitoka. Ndani bibi anaendelea kunitukana, ukoo mzima, na mi namsikiliza, namwomba Mungu asinyamaze. Leo ni mkojo. Kesho sijui.