Masomo ya Bure Dukani kwa Jignesh

Mwalimu Paskazia alipostaafu mwaka 1998, hakukubali kukaa barazani kuhesabu kuku. Alikuwa na masomo ya kidato cha nne aliyoyaandika kwa miaka kumi, na alitaka yawafikie watu wa machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu waliokuwa wakijisomea wenyewe. Yalikuwa ya bure: chukua, nakili, ukiona kosa sahihisha, kisha mpe mwenzio.

Tatizo lilikuwa mahali pa kuyaweka. Nyumbani kwake Kalangalala hapakuwa na umeme. Parokiani kulikuwa na kabati, lakini ufunguo ulisafiri na padri. Basi akampelekea Jignesh, mwanafunzi wake wa zamani, mwenye duka hukohuko Nyarugusu, jenereta na kompyuta. Jignesh akayachapa yote, akawa anawatolea watu kwenye printa. Paskazia akarudi nyumbani akijipongeza kwamba kazi imekwisha. Enzi zile nani hakudhani kompyuta inajua kila kitu?

Baada ya miezi miwili Jignesh akamwambia, "Mwalimu, watu wako wamenimalizia viberiti. Kila anayechukua somo lazima anunue kimoja."

Paskazia akacheka. Aliwajua watu wake: kutoka dukani kwa mtu na cha bure tu ni aibu. Halafu kicheko kikamkauka. Je, asiye na hata senti ya kiberiti?

Akamkumbuka Mageni, binti aliyeponda mawe Nyarugusu na kuota kusomea uuguzi. Kesho yake akapanda lori kumfuata.

"Shikamoo, mwalimu," Mageni akasema, nyundo mkononi.

"Marahaba. Mbona umepotea?"

"Nilifika mara mbili. Nilikwama kwenye hesabu. Jignesh akasema mwenyewe hajui, na wewe hukuwapo. Nikaona haya kurudi."

Usajili wa mtihani ulikuwa umefungwa Ijumaa iliyopita, na Mageni hakuwa amejiandikisha. Paskazia aliumia sana. Masomo alikuwa ameyapatia nyumba, lakini wasomaji hakuwapatia mtu wa kumuuliza.

Tangu hapo, kila Jumamosi alikaa kwenye kigoda pembeni ya kaunta, chaki mfukoni, ubao wa bati ukutani. Wachimbaji walijaa, wengine na matope hadi magotini, wakibishana juu ya vipeo na vipeuo. Jumamosi hizo ndizo anazozikumbuka hadi leo, kuliko miaka yake yote ya darasani.

Mageni alifaulu mwaka uliofuata, akaenda chuoni. Paskazia alishangilia mbele ya watu, kisha akapita nyuma ya duka, akaulilia ule mwaka mmoja aliompotezea.