Mwokaji Mikate Aliyemfundisha Oddny Kulala

Katika kijiji cha Skarvnes, kule pwani ya Norwe inapokaribia kuishiwa na ardhi, kulala kiangazi bila pazia zito lilikuwa jambo la kujivunia. Pazia zito lilikuwa la watu wa kusini. Mtu wa Skarvnes alitakiwa aweke kichwa kwenye mto, jua limkodolee macho dirishani saa sita ya usiku, na yeye akorome.

Oddny Bertheussen alikoroma hivyo miaka mingi. Alizaliwa hapo, akaondoka akiwa na miaka kumi na tisa kwenda kuwa mpishi wa meli za mizigo, akazunguka bandari za watu kwa miaka kumi na moja, akarudi na kununua nyumba ya mbao karibu na gati. Aliipaka rangi ya njano, akawa anapangisha vyumba vinne kwa wasafiri. Hakuolewa, na ukimwuliza kwa nini, alikujibu kwamba siku zile alikuwa baharini.

Kisha, kiangazi alichotimiza miaka hamsini na tisa, usingizi ukamkimbia. Mwezi Mei ulipofika katikati na jua likaacha kutua, Oddny alilala kwa saa mbili tu, akaamka, akatazama dari mpaka akaujua kila ubao. Mwaka uliofuata ikawa vilevile, na ule mwingine pia. Alikata nyasi saa nane usiku. Alipaka uzio rangi mara mbili. Hakuna aliyemshangaa, maana mwezi Juni Skarvnes nzima iko nje saa zote: huyu anatengeneza paa, yule anaosha boti, watoto wanacheza mpira na mama zao wamesahau kuwaita. Ndiyo shida ya kukosa usingizi mahali ambapo kila mtu yuko macho.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Jirani yake, Hjalmar, mvuvi wa miaka sabini mwenye sauti ya honi ya meli, alikuwa akisimama barabarani na kunyoosha kidole kwenye madirisha ya wageni. "Tazama hao! Wameziba kama wana maiti ndani!"

Basi Oddny akawa mpelelezi. Kila asubuhi, akimimina kahawa, aliwauliza wageni wake, "Mmelalaje?" Walidhani ni adabu tu. Kumbe alikuwa akisubiri majibu kwa hamu. Mwalimu mmoja wa Hamburg alijifunga soksi ndefu nyeusi za mkewe machoni. Dada wawili kutoka Japani waliingiza godoro kwenye kabati la nguo wakalala humo. Mfaransa mmoja alitundika suruali zake zote dirishani, akalala kama mtoto, asubuhi akashuka kunywa chai amejifunga taulo. Oddny alijaribu kila kitu kwa siri. Soksi zilimwasha. Kabatini hakuenea.

Mwanzoni mwa Juni meli ya mchana ilimshusha mzee mfupi mwenye sanduku moja, shati jepesi la kitani, na mikono minene kuanzia kiwiko hadi vidole kama kamba za kufungia meli. Jina lake Calogero, kutoka mji wa milimani huko Sisili. Oddny alimkaribisha kwa Kiitaliano. Mzee akaweka sanduku chini, akashika mbavu, akacheka mpaka machozi.

"Bibi, maneno hayo ulifundishwa na nani?"

"Mafundi wa mashine, bandarini Genova. Kwani nimesema nini?"

"Ulitaka kusema karibu ndani. Umefika karibu. Lakini usiyaseme mbele ya padri."

Kesho yake Oddny alimsubiri mezani, akitarajia macho mekundu. Calogero alishuka saa tatu asubuhi, amenyoa, anapiga mluzi. Akala mayai, samaki mkavu na vipande vitatu vya jibini ya kahawia, akanusa cha nne na kukila pia. Siku ya pili vilevile. Na Oddny alikuwa ameona kwa macho yake kwamba pazia la chumba chake lilikuwa wazi. Siku ya tatu akashindwa kuvumilia. Akaketi.

"Bwana Calogero, unalalaje?"

"Vizuri, ahsante."

"Siulizi kama unalala. Nauliza unafanyaje."

Mzee akaacha kutafuna, akamtazama. "Mimi ni mwokaji mikate, bibi. Miaka arobaini na moja. Nilikuwa nawasha tanuri saa nne usiku na kurudi kitandani asubuhi. Mwezi Agosti, joto la Sisili, watoto wa jirani wanapiga mpira ukutani kwangu. Hili jua lenu la hapa, kwangu ni taa hafifu ya kanisani."

"Sasa umefuata nini huku?"

"Hilohilo jua! Maisha yangu yote limenipita nimelala. Mwanangu akaniambia iko nchi ambako haliondoki. Nikasema niende nikalitazame mpaka nichoke mimi kabla yake." Akakunja kitambaa. "Na wewe? Usiku umelala kwa saa ngapi?"

"Saba," Oddny akasema.

"Bibi, kila alfajiri nilikuwa nafungua mlango wa duka, na wa kwanza kuingia ni wale ambao hawajalala. Uso wao naujua kama ninavyojua hamira."

Oddny akaona mashavu yakimwaka. Alinyanyuka kuosha vikombe ambavyo vilikwisha oshwa. "Usimwambie Hjalmar," alisema bila kugeuka.

"Hjalmar ni nani?"

"Utamsikia kabla hujamwona."

Alasiri ya siku hiyo mbingu ilikuwa safi, upepo umetulia, na Calogero akataka kwenda rasini kwenye mnara wa taa wa zamani, mwendo wa saa moja na nusu. Oddny akasema ataenda naye. Alimkuta mlangoni na shati lake la kitani.

"Rudi ndani."

"Kwa nini? Nje watu wamekaa vifua wazi."

"Hao wako hatua kumi kutoka mlangoni kwao." Akamletea fulana ya sufu ya kuvaa ndani, sweta, koti la mvua, kofia na glavu. Mwenyewe akajaza mfuko mkate, nyama kavu ya kondoo na chupa ya kahawa.

"Tunakwenda matembezi au vitani?"

"Vaa ile ya ndani. Nyingine beba. Ukitoka jasho, fungua. Ukisikia baridi, funga. Usingoje kwanza usikie vibaya."

Gatini sauti ikawapokea. "Oddny! Unampeleka wapi huyo baba? Mrudishe mzima, ana miguu ya kuku!"

"Anasemaje?" Calogero akauliza.

"Anakutakia safari njema."

Njia ilipita katikati ya viota vya membe wadogo, na ndege wale waliwashukia vichwani kwa kelele. Oddny akamwokotea mzee fimbo aishike juu ya kichwa, ili waishambulie hiyo. Calogero aliuliza kila kitu. Kondoo hawana mchungaji? Kwa nini nyumba zimefungwa kwa nyaya za chuma mwambani? Oddny alipomwambia ni kwa ajili ya upepo wa Januari, alisimama akaupapasa waya mmoja kwa kiganja chote, kama mtu anayemshika farasi.

Walipobakiza nusu saa, Oddny akasimama. Hewa ilikuwa imeingia ubaridi wa ghafla, na kule baharini, mahali pa mstari wa upeo, palikuwa na kitu cheupe.

"Vaa kila kitu," alisema.

"Lakini jua..."

"Vaa."

Hajamaliza kufunga kifungo cha mwisho, ukungu uliwafikia. Mzee aliiona mikono yake ikipotea. Kisha upepo ukageuka, ukaleta mvua ya mawe, vijiwe vya ukubwa wa mbaazi vikiwapiga kiubavu. Oddny alimshika mkono wa koti, wakafuata nguzo za zamani za njia, moja baada ya nyingine, wakisimama kila moja mpaka waione inayofuata. Chini ya mnara palikuwa na stoo ya mawe iliyotumika zamani kuhifadhi mafuta ya taa. Haikuwa na dirisha. Mlango wake haufungwi kwa kufuli, na ndani daima kuna kuni, kwa kuwa anayezitumia huleta nyingine.

Waliwasha jiko, wakafunga mlango. Mara kukawa giza, isipokuwa mwanga mwekundu wa moto. Oddny aliketi juu ya rundo la nyavu kuukuu na kumimina kahawa.

"Ni saa ngapi?" mzee akauliza.

"Kumi na moja."

"Ya jioni au ya alfajiri?"

"Jioni."

"Unaona? Hata mimi sikuwa na hakika." Akanywa. "Umeniuliza nafanyaje. Nyie wote mnahangaika na macho. Mnaziba, mnafunika. Mimi nilikuwa nauambia mwili kwamba kazi imekwisha. Mkate wa mwisho ukitoka, nilinawa kwa maji ya baridi mpaka kwenye viwiko. Nikala kitu kimoja, kilekile siku zote: kipande cha ganda la mkate na zeituni. Nikakaa robo saa nimeupa mlango mgongo, sisemi na mtu. Ndipo nikapanda kitandani. Siku ya harusi yangu, hivyohivyo. Siku tuliyomzika baba, hivyohivyo."

"Hata ukiwa na hasira?"

"Hasa nikiwa na hasira."

"Na mkeo akikusemesha?"

"Alijifunza. Ilimchukua miaka miwili, na sahani kadhaa." Akachochea moto. "Usingizi ni kama mteja. Fungua duka saa ileile, atakuja. Fungua leo asubuhi, kesho jioni, atatafuta mwokaji mwingine."

Oddny alifikiri. Melini, akasema, alikuwa akilala vizuri, hata mchana, hata mashine zikinguruma chini ya kitanda. Kulikuwa na kengele. Kengele ikilia unakabidhi zamu, basi. Lakini Skarvnes mwezi Juni hakuna kengele, hakuna kinachofungwa. Alipokuwa msichana mama yake alikuwa anaita watoto kwa kupiga sufuria, na alikuwa anapiga saa...

Hakumaliza. Alipofumbua macho, shavu lake lilikuwa kwenye nyavu na koti la mzee lilikuwa mabegani mwake. Calogero alikuwa ameketi kwenye kizingiti, mlango nusu wazi, amepanga vijiwe sita mbele yake.

"Umelala kwa saa tatu," alisema. "Nimehesabu hali ya hewa kwa vijiwe. Ukungu. Jua. Mvua ya mawe. Upinde wa mvua, miwili kwa pamoja. Jua tena. Na hicho cha mwisho kilikuwa theluji, bibi. Theluji! Mwezi Juni! Nimeionja."

Walirudi katika jua kali linalometa juu ya nyasi zilizolowa. Katikati ya njia wakakutana na Hjalmar, anahema, kamba ya kuokolea begani, uso mwekundu.

"Nyie watu! Nimewatafuta kwa saa mbili! Nimepiga kelele mpaka kondoo wakajibu!" Akamkaribia Oddny, akamwangalia vizuri. Shavuni alikuwa bado na alama za nyavu, miraba miraba. "Wewe... ulikuwa umelala?"

Oddny angeweza kusema alianguka. Lilimjia mdomoni hilo. Lakini alikuwa amepumzika kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, na akauonea uongo uvivu.

"Nimelala, ndiyo. Sijalala hivyo tangu Mei. Ni mwaka wa tatu sasa. Na kesho naweka pazia jeusi chumbani kwangu, kwa hiyo anza kupiga kelele leo umalize mapema."

Hjalmar hakupiga kelele. Alishusha kamba, akaipandisha tena. Akajikuna pua.

"Pazia halitoshi," alisema kwa sauti ambayo Oddny hakujua kwamba anayo. "Mwanga unaingia pembeni. Mimi ninalo turubai, lile la kufunikia samaki. Nitakukatia."

"Wewe umejuaje linaingia pembeni?"

"Kipande kingine kiko dirishani kwangu. Upande wa mlima, hukioni ukiwa barabarani."

"Tangu lini?"

"Tangu mama alipofariki. Yeye ndiye alikuwa anakataza."

Calogero, ambaye hakuelewa neno, alitazama mmoja na mwingine. "Anasemaje?"

Oddny alikuwa amekaa chini kwenye majani yaliyolowa, anacheka.

Turubai lilipigwa misumari asubuhi yake, likanuka chewa kwa siku mbili. Jioni Oddny alinawa mpaka viwiko, akala kipande cha mkate bapa wa viazi na jibini, akaketi ameupa dirisha mgongo. Siku ya kwanza haikusaidia kitu. Ya pili alilala kwa saa tatu. Siku Calogero alipoondoka alikuwa amefikia saa tano za usingizi, nazo zikabaki hapo, zikiongezeka kidogo wakati mwingine, zikipungua upepo ukivuma. Mzee alipanda meli amevaa ile fulana ya sufu, akisema ameisahau mwilini.

Januari alipiga simu. Jua ameliona, alisema, sasa anataka kuona wanavyoishi bila hilo. Akaja, akapewa chumba kilekile. Na huyo bingwa wa kulala hakulala hata kidogo, maana kwa miaka arobaini na moja giza lilikuwa limeuambia mwili wake ukande unga, na sasa giza lilikuwa la kutwa. Siku ya pili Oddny alimkuta jikoni, mikono imejaa unga, anatafuta chumvi. Wiki ile hakuna aliyenunua mkate dukani. Hjalmar alikuja na kikapu, kisha akaja na vikapu viwili. Oddny alivuta kigoda akaketi kando ya meza.

"Hamira unaiweka kabla ya chumvi au baada?" aliuliza. "Na maji, ya moto kiasi gani?"