Uzio wa Kaburi la Loveday

Keziah Trembath alipofika Burra, mji wa machimbo ya shaba ng'ambo ya bahari, kutoka Cornwall, Uingereza, alidhani mumewe anamtania.

"Nyumba yenyewe iko wapi, Josiah?"

"Sogea mke wangu, umesimama juu ya bomba la moshi!"

Kumbe wachimba shaba walikuwa wamejichimbia makao kwenye kingo za kijito, wakiishi humo kama sungura. Mbuzi wakipita juu, udongo ulimwagikia mchuzini.

Mwaka wa pili homa ilipita mle mashimoni ikamchukua binti yao Loveday, aliyeanza tu kutamka jina lake. Jiwe la kaburi hawakuliweza. Josiah alipasua sanduku walilosafiri nalo melini, akachonga mbao, akazipaka rangi nyeupe na kumzungushia mtoto uzio mdogo kama kitanda.

Lakini kuni Burra zilikuwa adimu kuliko shaba, miti yote imeliwa na matanuri ya kuyeyushia shaba. Nyuzio za makaburi mengine zilikuwa zinaibwa na watu wenye baridi, na mvua zikinyesha, hujui tena nani kalala wapi. Kila Jumapili Keziah alitoka kanisani akaenda kulinda uzio wake.

Binti aliyefuata naye wakamwita Loveday. Ndivyo walivyofanya kwao, jina la marehemu apewe mdogo wake. Ila kila Keziah alipomwita huyu, moyo ulimgeukia yule.

Ndipo ikaja habari ya dhahabu huko Victoria, koloni jirani, na wanaume wakahama kwa makundi.

"Twende, Keziah."

"Nimwache na nani?"

"Yule ameshakwenda, mke wangu."

"Wewe ndiye unayekwenda."

Josiah akaenda kweli, wala hakusikika tena.

Majira ya baridi kijito kilifurika, kikazoa vitanda na masufuria. Keziah alihamia kwenye banda bovu kule juu. Kifua cha mtoto kikaanza kukoroma, midomo ikawa ya bluu. Jirani yake, Mama Jago, akamgusa miguu.

"Shoga, huyu anaganda! Washa moto!"

"Kwa kuni gani? Kiti nimeshachoma."

"Mimi nimechoma miguu ya kitanda, nalala kama niko kwenye meli inayozama." Mama Jago akageuza macho kuelekea makaburini. "Mbao zenye rangi hazilowi ndani."

"Usiseme."

"Sijasema kitu, mwenzangu. Nikushikie mtoto uende, au nibaki namtazama?"

Keziah alimpa mtoto, akaingia kwenye mvua mpaka makaburini. Aling'oa mbao moja moja, akiomba radhi kwa kila moja. Ubao wa kichwani aliuacha.

Loveday alipona. Jumapili iliyofuata ubao wa kichwani haukuwepo. Keziah hakumlaani mtu. Huenda kuna mtoto mwingine aliyekuwa anaganda.

Miaka ikapita. Loveday akaolewa, akapata watoto, na akadunduliza mpaka akamchongeshea dada yake jiwe. Siku ya kulisimika, yeye na mama yake walitangulia mkokoteni wa fundi kupanda mteremko wa makaburini.

"Ni hapa," Keziah akasema. Akapiga hatua chache, akasita. "Hapana. Pale. Au..."

Majani yalikuwa yamefunika kila kitu.

"Nichimbe wapi, bibi?" fundi akauliza, sururu begani.

Keziah alikaa chini, akapapasa udongo kwa viganja vyote viwili. Loveday akamwinamia.

"Mama, mbona hukuniambia kaburi halina alama?"

"Ningekuambiaje, mwanangu? Kwamba nilimchoma yeye ili uote moto wewe?"

Fundi akalirudisha jiwe mkokotenini.