Merci alipanda ku mizani na boti na koti

Wakuu, ilikuwa ule mwaka mahindi ya Kpandroma haikushuka Bunia. Muhogo asubui, muhogo mangaribi, mpaka kuku nao walituangalia na huruma.

Mimi ni tate wa watu, bibi muzee. Masomo ilikomea troisième primaire, darasa ya tatu, naandika na kidole kimoja. Lakini uongo sina, nguvu ya kuitafuta ilishaisha.

Mujukuu wangu Merci, miaka ine, alikuwa na hernie. Akilia, chini ya tumbo kunatoka kivimbe sawa yai. Na kulia anajua, anafuata mama yake. (Mama yake anasomaka hapa. Asome tu.)

Siku ya opération ilikuwa baridi. Nikamuvalisha tricot mbili za sufu, koti ya mukubwa wake, na boti nzito ya ku miguu. Mutoto wangu haende kuonyesha watu mifupa.

Papa moja wa kule hospitali, mwenye kulaza wagonjwa usingizi, anestezisti, akamupandisha ku mizani. Kilo kumi na saba.

Nikageuka kuangalia kama wamama wenye kuikaa ku banc wamesikia. Walisikia.

"Tate, sasa muvue nguo yote."

"Na baridi hii? Kilo umeshaiona, unatafuta nini tena?"

"Natafuta mutoto. Hapa nimepima duka."

Wamama wakacheka. Nilikasirika, lakini maneno ilikuwa tamu, nisidanganye.

Akachutama, akanielezea. "Tutamulaza kwanza. Kisha kuko dawa ya kulegeza misuli, juu docteur afanye kazi na mutoto asitingisike. Inalegeza ata misuli ya kupumua, njo maana nabakia ku kichwa yake, namupumulisha. Inapimwa na kilo. Nikihesabia na boti, misuli itachelewa kuamuka."

"Basi mupatie nusu."

Siye nyumbani kinini, kidonge ya malaria, navunjaka na meno, nusu ya mutoto, nusu ya mukubwa wake. Wote wako wazima.

"Nikipunguza hovyo, atatingisika chini ya kisu. Na mutoto wa umri yake, kwa kila kilo, pengine anaomba dawa kupita weye."

Nikakubali. Mimi kukubali, muulize majirani.

Nikamuvua koti. Ku mufuko ikaanguka mihogo ya kuchoma, pum, pum. Uso ya papa ikabadilika, mucheko yote ikaisha.

"Alikula? Akitapika mu usingizi, inaingia ku mapafu."

"Hapana. Ile ni ya kuamukia."

Hakuniamini. Akauliza mutoto mwenyewe.

"Tate alikataza," Merci akasema. "Alisema nikikula, docteur atanikata mara mbili."

Akapanda tena, uchi. Kilo kumi na ine. Wamama wa ku banc walisikia na ile.

Kisha mulango ikafungwa.  Nilibakia na boti mu mikono, nawaza kale kakifua kanapumulishwa na mikono ya mutu mwingine.

Walipomutoa, macho ilikuwa nzito bado. Juu ya kupima kama misuli imeamuka, papa akamwambia, "Merci, inua kichwa." Akainua. "Shika kidole ya tate." Akashika nguvu, akauliza muhogo yake iko wapi.

Somo yangu njo hii. Kilo ya kujisifu iache ku kartie, kwa majirani. Mupeleke mutoto bila manguo ya kumuzidisha, museme kweli kama alikula, na dawa ya kule haigawiwe na meno ya tate.

Nani mwingine alishapimisha boti? Aandike hapa, nisibakie peke yangu mu haya.

Sasa kivimbe imetoka upande ingine, watamupasua tena. Mutoto wangu, baba ya Merci, anafanyaka biashara Mahagi. Akapiga simu: "Mama, mara hii bakia nyumbani. Unabishanaka na watu wa hospitali."

Nikamujibu: "Bila mimi, ule mutoto hapande ku mizani."

Leo amepiga tena, na sauti ya upole, sawa mutu anaomba shamba. "Mama, umechoka. Pumuzika, mama yake atamupeleka."

"Bila mimi, ule mutoto hapande ku mizani."