Siku Ergina Alipoteremka Olunta

Ergina Mavrakaki alizaliwa Elounda, kijijini kwetu pwani, na kuolewa hapo hapo, lakini kwa miaka sitini na ushei hakuwahi kuteremka Olunta, mji wa kale ulio chini ya bahari, kutazama kuta zilizozama. Sisi majirani zake tuliogelea juu ya nyumba zile za watu wa kale tangu utotoni; yeye daima alikuwa na zeituni za kuchuma au mtoto wa kunyonyesha. Mwanawe Stratis alipokufa kwa ajali ya pikipiki, ndipo akasema magofu hayataki kabisa.

Alibaki na mkwewe Evanthia, mjane wa Stratis. Walivaa nguo nyeusi pamoja, wakagombana juu ya chumvi kwenye mchuzi kama mtu na bintiye.

Septemba moja Evanthia akamwambia, "Mama, twende Olunta. Stratis alinichumbia pale."

"Ndani ya maji?"

"Alisimama juu ya ukuta, maji yakimfika magotini. Akateleza kabla sijamjibu."

"Mjinga kama babake," Ergina akasema, akatafuta viatu.

Walipita kando ya mabwawa ya zamani ya chumvi, wakakaa mwambani. Bahari ilitulia. Chini yake vyumba vilijaa mchanga, na samaki waliingia na kutoka. Evanthia akamwonyesha ukuta wenyewe. Kisha, bila kumtazama, akasema kuna mtu anataka kumuoa: Minas, mwoka mikate wa Neapoli.

Ergina alivua viatu, akaingia majini na gauni lake jeusi.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Niache."

Maji yakamfika kiunoni. Akapapasa kwa mguu mpaka akaupata ukuta, akapanda, akasimama juu yake. Evanthia alimfuata, akamshika mkono. Ergina hakuutoa.

"Huyo Minas anakunywa?"

"Kidogo, sikukuu."

"Anajua unalia usingizini?"

"Nimemwambia."

"Mimi hukuniambia. Nilikuwa nasikia tu."

Harusi ilikuwa Januari. Ergina alikuja, akakaa nami nyuma kabisa kanisani. Lozi za sukari alizopewa hakuzigusa.

Evanthia humpigia simu kutoka Neapoli kila Jumapili. Mara nyingine Ergina huiacha ilie, naye ameketi pale pale kando yake, jiko halijawashwa. Nikimuuliza, husema, "Ataniuliza kama nimekula. Nitamwambia nini?"